Jinsi ya kukamua maji kwenye tope la majitaka kwa vitanda vya mchanga

Mgeni akifika kwenye mtambo wetu wa kutibu tope la vyoo huangalia juu kwanza, kisha anaangalia vitanda, yale maeneo ya mchanga yenye kuta tunamokaushia tope, halafu anasema tuna bahati ya jua. Jua tunalo kweli. Lakini sehemu kubwa ya maji yaliyomo kwenye tope hailingoji jua. Inashuka, inapita mchanga, inapita kokoto, inaingia bombani, na mengi ya hayo hutokea siku tatu nne za mwanzo. Jua linakuja kumalizia. Mtu akilielewa hilo anaacha kuhangaikia mawingu na anaanza kuutunza mchanga.

Naandika kwa wenye mitambo midogo kama huu ninaousimamia: mji wa wilaya, magari mawili matatu ya kunyonya kwa siku, umeme wa kukatika, na stoo isiyo na vipuri. Wenye mitambo mikubwa wana mashine zao, nitazigusa baadaye.

Lijue tope kabla hujalimwaga

Magari yote yanaonekana sawa getini, lakini mizigo yake ni tofauti. Tope la septiki, yaani tangi la choo la chini ya ardhi, ya nyumba iliyokaa miaka bila kunyonywa ni jeusi, zito kiasi, na harufu yake imeshapoa. Limeoza likaisha, kwa hiyo maji yake yanaachia. Tope la choo cha stendi, cha soko au cha shule ya bweni, linalonyonywa kila baada ya wiki chache, lina rangi ya kahawia iliyoelekea njano, linatoa povu na linanuka mpaka barabarani. Hilo sisi tunaliita tope bichi. Limeshikamana na maji yake, na ukilimwaga peke yake kitandani litakaa wiki tatu likikutazama.

Kipimo changu cha getini ni chupa angavu ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu. Chota tope katikati ya umwagaji (mwanzo wa gari ni maji matupu, mwisho wake ni mchanga na takataka), jaza chupa, iweke kivulini juu ya meza na usiiguse. Baada ya nusu saa itazame. Ukiona mstari, juu maji ya rangi ya chai na chini tope limekaa, mzigo huo utakamulika. Ikiwa chupa nzima bado ni uji wa rangi moja, ni tope bichi.

Tope bichi halirudishwi, maana likirudishwa litamwagwa mtoni usiku. Lichanganye. Kumasi, Ghana, kwenye majaribio yao ya vitanda walichanganya sehemu moja ya tope la vyoo vya umma na sehemu mbili za tope la septiki, na hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kama huna la kuchanganyia, liache likae kwenye tangi la kutuama, lile ambamo tope hutulia na uzito wake kushuka chini, lipate kuoza kwanza.

Mizigo ninayoikataa kabisa ni mafuta ya mitego ya jikoni za hoteli na oili ya gereji. Mafuta yakishaingia kwenye mchanga hayatoki. Utang'oa mchanga wote uanze upya.

Pale tope linapoingilia weka wavu wa nondo, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 2 hadi 3, na mtu wa kuukwangua kila gari linapomaliza. Utashangaa vinavyopita kwenye choo: pedi, pampasi, nywele za bandia, vitambaa, chupa za dawa, nyembe. Vikifika kitandani, kibarua atakuja kuviokota kwa mkono.

Hesabu ya maji, ifanye mara moja uelewe

Maabara ikipima tope kwa kulikausha kwenye oveni ya nyuzi 105, tope la kawaida la magari hubakiza yabisi, yaani kitu kikavu, kati ya asilimia 1 na 5. Chukua la asilimia 2. Gari la mita za ujazo 10, yaani lita elfu kumi, lina kilo 200 tu za kitu kikavu. Lililobaki lote ni maji.

Likifika asilimia 4, ujazo umeshapungua nusu. Kwa kutuama tu, bila mchanga na bila jua, tani 10 zimekuwa 5. Likitoka kitandani na asilimia 40, zile kilo 200 zimebaki na maji kilo 300, jumla nusu tani. Toroli chache tu na gari zima limeisha. Ndiyo maana nakuambia usidharau tangi la kutuama. Asilimia mbili za mwanzo ndizo zinazoondoa maji mengi kuliko zote, na zinakuja bure.

Ukiweza, jenga matangi mawili ya kutuama sambamba. Moja linapokea mizigo kwa wiki moja hivi, jingine limepumzika na tope lake likijishindilia chini. Maji ya juu yaende mabwawani, tope la chini ndilo liende kitandani. Kule kwenye mtambo wa Cambérène, Dakar, Senegal, wamejenga hivyo tangu 2006: kutuama kwanza, vitanda baadaye. Lubigi ya Kampala, iliyofunguliwa 2014 na kusanifiwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la magari kwa siku, nayo inafuata mpango huohuo, na vitanda vyake vimeezekwa. Faida nyingine ya tangi utaijua siku vitanda vyote vimejaa na dereva yuko getini anapiga honi.

Kitanda chenyewe

Sakafu ya zege iwe na mwinamo wa angalau asilimia 1 kuelekea upande wa kutolea maji. Juu yake laza bomba la inchi nne lenye matundu, na ncha yake ya upande wa juu uinyanyue itoke nje ya kitanda ikiwa imevishwa wavu, ili hewa ipite na uweze kulizibua. Juu ya bomba, kokoto za milimita 20 hadi 40, kina sentimita 20. Kisha kokoto ndogo za milimita 5 hadi 15, sentimita 10 au 15. Mwisho mchanga, sentimita 20. Vitabu vingine vinaruhusu 10. Mimi naweka 20 kwa sababu kila tope linapoondolewa huondoka na mchanga kidogo.

Mchanga ndio kila kitu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapofanya bora liende. Tipa linaleta mchanga wa kujengea nyumba, unamwagwa, unasawazishwa, kazi imekwisha. Mchanga wa nyumba una udongo. Udongo unaziba. Unachotaka ni mchanga wa mto uliochekechwa, punje za milimita 0.2 hadi 0.6, ulioshwa mpaka maji yake yatoke meupe. Tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha utulie: tabaka la udongo likijitandaza juu ya mchanga mfano wa malai juu ya maziwa, urudishe ukaoshwe tena. Baada ya kuulaza, mwagia ndoo ya maji safi sehemu moja. Yakitoweka papo hapo uko sawa. Yakitengeneza dimbwi, simamisha kazi hata kama mkandarasi ananuna.

Ukubwa wa eneo unategemea kilo za yabisi. Kwa hali ya joto kama yetu watu hutumia kilo 100 hadi 200 za yabisi kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Tuseme unapokea mita za ujazo 10 kwa siku, tope la asilimia 2, siku 300 za kazi. Hizo ni kilo 60,000 kwa mwaka. Gawa kwa 150, unapata mita za mraba 400, yaani vitanda 10 vya mita 5 kwa 8. Kitanda kimoja cha namna hiyo, ukimwaga kina cha sentimita 25, kinameza mita za ujazo 10 kamili. Kwa hiyo kila siku ya kazi inajaza kitanda kimoja, na zamu ya kitanda inarudi baada ya siku 10 za kazi, wiki mbili kasoro kidogo. Kiangazi zinatosha. Masika hazitoshi, kwa hiyo ongeza vitanda vitatu au vinne, la sivyo uwe na matangi ya kushikilia mzigo.

Kumwaga

Pale bomba linapomwagia weka bamba la zege, ukubwa wa meza ndogo, ili tope lianguke hapo na kutambaa. Bila bamba litachimba shimo kwenye mchanga mpaka kwenye kokoto, na tope litapita humo moja kwa moja likazibe bomba. Fungua vali polepole. Ukutani chora alama ya sentimita 20 na ya 25 kwa rangi nyekundu, na mtu asimame pale mpaka alama ifikiwe. Tope la asilimia 2 ukilimwaga sentimita 25 litabakiza gamba la sentimita moja na kitu tu. Lile lililotuama mpaka asilimia 5 litabakiza kama sentimita 3. Kitanda ni kilekile na siku zinakaribiana, ila mavuno ni zaidi ya mara mbili.

Mwaga kwa mkupuo mmoja. Usimwage nusu leo na nusu keshokutwa, na kamwe usimwage tope jipya juu ya gamba lililokwisha kukauka. Gamba la zamani ni kifuniko, na maji ya tope jipya hayana pa kushukia.

Andika kwenye kibao cha kitanda: tarehe, kina, lilikotoka.

Siku za kwanza, mikono mfukoni

Nenda kwenye chemba ya kutolea maji usikilize. Saa za mwanzo maji yanakuja kwa kasi, yana rangi na ukungu, kisha yanapungua na kuwa maangavu zaidi kadiri mchanga unavyoanza kuchuja. Siku ya nne au ya tano yanakuwa matone. Hapo kazi ya chini imekwisha.

Katika siku hizo vijana hupenda kusaidia. Wanaona uji umekaa, wanachukua reki na kukoroga. Wazuie. Kukoroga tope lingali uji kunasukuma chembe ndogo ziingie kwenye vitundu vya mchanga, na ulichoziba leo utakilipia mizunguko mitano mbele. Maji yakiwa yamesimama juu ya tope na ni meupe kidogo, yaondoe kwa ubavuni: ukutani acha mlango mwembamba wa mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, uchomoe ya juu kabisa, kisha inayofuata, ukisimama mara tu tope linapoanza kutoka.

Maji ya chini yakionekana maangavu usidanganyike. Bado yana amonia nyingi na vijidudu vya kila aina. Yapeleke kwenye mabwawa yatibiwe pamoja na majitaka mengine. Ukipita karibu na mitambo mingi utakuta bustani ya mchicha imestawi ajabu mahali bomba linapotokea, na unajua wazi kwa nini imestawi.

Ikiwa siku ya tano imepita na uji bado uko palepale, mchanga umeziba au tope ni bichi. Chupa ya getini itakuambia ni lipi. Kama ni mchanga, subiri tope likauke kwa taabu yake, liondoe, kwangua sentimita 2 au 3 za juu, kwaruza kwa reki, jaribu tena ndoo ya maji, rudishia mchanga mpya uliooshwa.

Nyufa

Uso unapoteza mng'ao kwanza. Kisha unapasuka, mipasuko mirefu ikianzia kandokando ya ukuta, halafu katikati, mpaka kitanda chote ni vigae vya kiganja kimoja kimoja. Kati ya vigae utaona vimechipua vichipukizi vya nyanya. Mbegu zimepita kwa walaji zikiwa hai, zikapata unyevu na mbolea. Hakuna aliyepanda, na hakuna wa kuzila.

Sasa reki inaruhusiwa. Maji yaliyobaki hayashuki tena, yanaondoka kwa upepo na joto, na gamba la juu likikauka linafungia unyevu chini yake. Geuza vigae kila asubuhi. Dakar walifanya majaribio: kugeuza kila siku kulipunguza siku za kukausha, ilhali nyumba ya plastiki iliyojengwa juu ya vitanda haikushinda vitanda vya wazi. Usipumbazwe na joto la ndani ya plastiki. Hewa ikisimama na kujaa mvuke, tope halikauki hata ukitokwa jasho humo ndani.

Nyufa zinasaidia hata mvua. Mvua ikinyesha juu ya tope lililokwisha kupasuka, maji mengi yanapita kwenye nyufa na kushuka chini, baada ya siku mbili umerudi ulipokuwa. Ikinyesha siku uliyomwaga, umeongeza maji kwenye maji. Kwa hiyo masika nasikiliza utabiri, namwaga kina kidogo, sentimita 15, ili nyufa zije mapema. Ukipata fedha za paa, ezeka kwa mabati angavu, uache pande zote wazi, na weka mifereji inayopeleka maji ya mvua mbali na vitanda.

Kuondoa

Kipande kiko tayari ukikinyanyua kwa ncha ya chepe na kikashika umbo lake, huku upande wa chini una punje za mchanga tu, bila utelezi. Kikipinda, kiache. Tumia chepe bapa, siyo lenye ncha, na ulisukume likilala. Watu watembee juu ya mbao, toroli lipite juu ya mbao pia, maana kukanyaga kunashindilia mchanga. Ukimaliza, reki nyepesi, kisha pima kina cha mchanga kwa kijiti chenye alama. Ukifika chini ya sentimita 10, ongeza.

Kuhusu mwili wako: mabuti, glavu za mpira ndefu, barakoa wakati wa kugeuza tope kavu kwa sababu vumbi lake ni kinyesi. Chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, dawa ya minyoo kwa ratiba ya mganga, sabuni na maji yanayotiririka pale pale vitandani, siyo ofisini. Hakuna kuvuta sigara wala kula karanga kazini. Na chemba: gesi ya tope lililooza inaua kimya, na pua inazoea harufu yake mpaka usiisikie tena. Hakuna anayeingia humo peke yake, wala kumfuata aliyeanguka bila vifaa vya kupumulia na kamba. Bomba likiziba lizibue kwa maji ya presha ukiwa juu.

Mashine na dawa

Watu huniuliza kwa nini tusinunue mashine. Zipo: zinazozungusha tope kwa kasi, zinazolibana kati ya mikanda miwili, zinazolisukuma kwa parafujo. Zinatoa tope la asilimia 20 na zaidi kidogo kwa saa chache, mahali padogo. Kwa jiji lisilo na ardhi hakuna njia nyingine. Lakini zinakula umeme, zinahitaji fundi wa kuaminika, na zote zinataka polima, dawa ya kugandisha chembe ziwe mabonge ili maji yaachie. Mashine bila polima inatoa uji uleule ulioingia.

Polima inaweza kusaidia hata kitanda kinachosumbuliwa na tope bichi. Kipimo cha kawaida ni kilo 3 hadi 8 kwa kila tani ya yabisi. Kwa gari letu la mita za ujazo 10 lenye kilo 200, ukitumia kilo 5 kwa tani, unahitaji kilo moja. Iyeyushe kwenye lita 500 za maji safi, ukinyunyiza unga kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka, la sivyo utapata mabonge ya utelezi yasiyoyeyuka. Koroga taratibu kwa saa moja. Kabla ya kumwaga yote, jaribu kwenye vikombe vitano, kila kimoja na kipimo chake, mimina huku na huku kati ya vikombe viwili mara kumi, kisha chuja kwa kitambaa. Chagua kipimo kidogo kabisa kinachotoa mabonge imara na maji meupe. Kuzidisha si sifa: maji yanakuwa ya kunata na mchanga unaziba. Unga ukimwagika sakafuni usikimbilie mpira wa maji. Ukilowa, sakafu inateleza kuliko ganda la ndizi. Mwagia mchanga mkavu, fagia, ndipo uoshe.

Mbegu za mlonge zilizosagwa nazo zimejaribiwa kwa kazi hii na zikafanya vizuri. Tatizo ni kupata za kutosha kila wiki.

Tope kavu bado halijawa salama

Kukauka hakuui mayai ya minyoo mviringo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2006, linashauri kuhifadhi zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto la kawaida la nyuzi 20 hadi 35, na mwaka huo ukianza kuhesabiwa hakuna kuongeza tope jipya juu. Mimi nagawanya banda la kuhifadhia vyumba vya robo mwaka. Kila chumba kikijaa kinafungwa na kupewa kibao chenye tarehe ya kufunguliwa. Asiyetaka kusubiri anaweza kuligeuza kuwa mkaa wa vitofali, kama wanavyofanya Nakuru na Naivasha, ambako moto unamalizana na minyoo, lakini hiyo ni kazi nyingine yenye vifaa vyake.

Wakulima watakuja mapema. Wa mahindi ndio wa kwanza, wanakuja na punda mwezi mmoja kabla ya mvua, na watakuambia mwaka jana jirani alipewa. Mpeleke mkulima kwenye chumba kilichofungwa, msome kibao pamoja, mwandike jina kwenye daftari la foleni.